Bati Lililofunika Pipa la Maji

Mirembe mwanangu,

Sanduku la kwenda kazini Mbale umelifunga mwenyewe na ufunguo umeuvaa shingoni, kwa hiyo sina haja ya kukuandikia habari za blanketi wala za kuchemsha maji. Umesomea unesi miaka mitatu. Vijidudu unavijua kwa majina. Habari za wanaume nilizimaliza ulipokuwa na miaka kumi na sita, ukanisikiliza kwa sikio moja. Leo nakuandikia habari za gari. Ukiona mahali kalamu imetoboa karatasi, usidhani ni uzee wa mkono. Nina hasira, na nimekaa nayo muda mrefu kuliko ulivyokaa wewe shuleni.

Tabia ya Kikongwe, gari letu, unaijua. Asubuhi, akiwa baridi, unagusa ufunguo tu anawaka. Mwendeshe mpaka Iganga, mzime ununue ndizi, kisha urudi ujaribu tena: utasikia "ta" moja chini ya boneti, basi. Taa zinawaka, honi inalia mpaka mbwa wanabweka, lakini stata haizunguki. Kaa saa nzima mpaka apoe, atawaka kana kwamba mgonjwa ulikuwa wewe. Ulipokuwa mdogo ulidhani magari yote huegeshwa kwenye mteremko ili yasukumwe. Siku ulipoliona gari la padri limeegeshwa tambarare ulinivuta gauni ukaniambia, maskini, padri leo atalala kanisani.

Nilicheka sana siku ile. Sasa nikikumbuka kicheko hicho naona haya.

Kwanza niwamalize mafundi. Tangu amani irudi, mafuta yakapatikana na gereji zikafunguliwa kila kona ya Jinja, nimempeleka Kikongwe kwa mafundi watano. Wa kwanza alisema betri imechoka, nikanunua betri. Wa pili akasema betri niliyonunua ni mbovu. Wa tatu alimwaga maji baridi juu ya stata, gari likawaka, akanitazama kama mtu aliyefufua maiti, nami nikatembea na jerikeni ya maji nyuma ya kiti kwa miaka miwili. Wa nne aliigonga stata kwa nyundo. Wa tano hata boneti hakufungua. Wote waliishia kwenye neno moja: mama, hii gari iko mzee, ngoja tu ipoe.

Ngoja ipoe. Mimi ni mkunga, Mirembe. Katika kazi yangu sijawahi kumwambia mama aliyeshikwa na uchungu angoje gari lipoe. Si kweli. Nilimwambia mmoja, na huyo ndiye nitakayekusimulia.

Hakuna hata fundi mmoja kati ya hao aliyetandika gunia akalala chini akatazama. Angetazama angeona matundu mawili ya boliti ambayo hayana boliti. Stata ya Kikongwe imekaa bega kwa bega na bomba la ekzosi. Waliomtengeneza walilijua hilo, wakaweka katikati kipande cha bati, upana wa sinia dogo, kuzuia joto. Pasipo bati, bomba linaipika stata safari nzima, na ukizima gari ndipo inapopikwa zaidi, maana upepo wa barabarani umekoma na joto halina pa kwenda. Stata ikiungua hivyo, umeme wote wa betri ukifika pale unakuwa hauna nguvu ya kuizungusha. Ndiyo ile "ta" unayoisikia. Si uzee. Uzee husingiziwa mengi.

Bati lenyewe unalijua. Ndilo linalofunika pipa la maji nyuma ya jiko. Ncha yake ilikukata kidole ukiwa na miaka minane. Yale matundu mawili uliyafanya macho, ukalichorea mdomo kwa mkaa, ukaliita Bwana Pipa. Kila asubuhi ulimfunua Bwana Pipa ukachota maji, na mimi nikasimama mlangoni nikikutazama, nikijua ni kitu gani umeshika.

Ndiyo, nilijua. Hapo ndipo hasira yangu kwa wale mafundi watano inaponirudia mwenyewe. Sikwenda kwao watengeneze gari. Nilikwenda nitafute hata mmoja wa kunipa sababu nyingine.

Fundi Ramadhani nadhani unamkumbuka. Alikuwa na gereji nyuma ya sokoni, akakufungia bembea ya tairi kuukuu, kila ukiketi anakusalimu "afande" na wewe unampigia saluti. Alikuwa Mnubi, watu ambao wengi waliwahesabu upande wa wanajeshi waliotawala. Babu yake aliletwa huku na jeshi la Waingereza kutoka Sudani, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kushika bunduki hata ya kuwindia kanga. Alizaliwa Jinja, akaoa Jinja, na gari hili alilishika tangu baba yako akiwa hai. Baba yako alipofariki, Ramadhani ndiye aliyenifundisha kuendesha, akisema mkunga asiye na gari ni mkunga wa mtaa mmoja.

Miaka ile ya mwisho ya utawala wa wanajeshi, vizuizi vya barabarani vilikuwa vingi kuliko maduka yenye sukari. Bati lile lilikuwa limelegea kidogo, na gari likipita kwenye shimo lilikuwa likilia, chaka-chaka, kama chuma kinachogongana na chuma. Siku moja kwenye kizuizi karibu na bwawa, askari wakaisikia sauti hiyo wakasema nimebeba bunduki chini ya gari. Nililazwa kifudifudi kwenye lami na gauni langu jeupe la kazi, buti la mtu mgongoni, mpaka walipochoka kutafuta. Sikukwambia. Ulikuwa na miaka saba, nikakuambia nimeanguka.

Kesho yake nikaenda kwa Ramadhani nikamwambia atoe lile bati. Akaniambia atalikaza, litanyamaza. Nikamwambia sitaki likazwe, nataka litoke, na litoke leo. Akalala chini akalitoa. Akalifuta kwa tambara, akanikabidhi mkononi.

"Mama, hii bati iko na kazi yake," alisema. "Weka kwa nyumba. Siku moja utaitafuta."

Nikaliweka juu ya pipa. Kiangazi kilipofika, gari likaanza kukataa likiwa moto. Nilimwambia Ramadhani mara moja tu, naye akanijibu kwa maneno mawili: lete bati. Nikamwambia vizuizi vikiisha. Simlaumu mwanamke aliyeogopa buti. Mpaka leo ningemtetea mbele ya mtu yeyote. Ninayemkasirikia ni yule aliyekuja baada yake.

Vita vilipokaribia, ndege zikisikika upande wa Kampala na askari wakianza kuvua sare, niliitwa Buwenge. Kulikuwa na msichana anaitwa Kaudha, mimba ya kwanza, mtoto amekingama tumboni, siku ya pili ya uchungu. Hilo halikuwa la kumalizia kwenye mkeka. Nikampakia nyuma, dada yake akamshika kichwa, nikashika njia ya hospitali kubwa mjini. Sikuzima gari hata tulipokuwa tunampakia. Nilikuwa nimejizoeza hivyo, gari linanguruma nje huku naulizwa na kila mtu kwa nini nachoma mafuta.

Kabla ya kufika Mafubira, tukakuta kizuizi kipya. Vijana watatu, wenyewe wanatetemeka.

"Zima gari," mmoja akasema.

Nikamwambia nina mgonjwa, na gari hili likizimwa halitawaka. Akaona nina jambo ninaloficha. Akaingiza mkono dirishani akazima mwenyewe, akachukua ufunguo. Wakapekua mpaka chini ya kiti alicholalia Kaudha. Hawakupata kitu, wakanirudishia ufunguo, nami nikauzungusha. Ta. Nikauzungusha tena. Ta. Mahali penyewe ni tambarare kama meza. Nikawaomba wasukume, wawili wakasukuma hatua kumi, risasi zikalia mbali, wakaacha wakakimbilia kwenye miwa. Nikabaki na dada mtu. Tukasukuma sisi wawili, gari halikushika. Na Kaudha akaniuliza, kwa sauti ya adabu kabisa, kama anayeuliza saa, tunangoja nini. Nikamwambia, ngoja kidogo, lipoe.

Alikufa mle garini na mtoto tumboni. Muda si mrefu baadaye nilipozungusha ufunguo gari likawaka.

Nimezalisha watoto wengi tangu siku ile, na kila mmoja nampokea nikimwogopa Kaudha. Hilo ningelibeba. Mkunga anazika pia. Utalijua hilo mapema kuliko unavyotaka, na hakuna barua itakayokuandaa. Lakini sikuishia hapo.

Tulimzika Buwenge. Wiki ileile askari wa zamani walikuwa wamekimbia na mji umeshikwa na jeshi lililoingia. Watu walikuwa na miaka minane ya hasira na hawakuwa na wa kummwagia. Pale makaburini kaka yake Kaudha akasimama mbele yangu akauliza kwa nini gari lilizimika mbele ya askari, na likawaka walipoondoka. Kabla sijajibu, mwanamke mmoja nyuma yake akasema, "Na huyu anaongeaga lugha yao."

Unajua nimezaliwa Busia, upande wa Kenya. Kiswahili ndicho nilichokunyonyesha nacho, na ndicho ninachokuandikia sasa. Siku ile kilikuwa lugha ya askari, ya mtu aliyekulaza kwenye lami. Nikaona macho yamenigeukia. Nikakimeza Kiswahili changu chote, nikajibu kwa Lusoga safi kuliko nilivyowahi kuisema: "Mwulizeni Ramadhani. Ndiye aliyetoa kitu kwenye gari langu."

Hebu litazame jibu hilo. Hakuna neno la uongo ndani yake, na ni uongo mtupu. Kama nikuachie kitu kimoja cha kujilinda nacho duniani, basi ni hicho: jiogope unapoona unachagua maneno ya kweli kwa uangalifu mno.

Waliondoka makaburini hata kabla udongo haujasawazishwa. Mimi sikuwafuata na sikuwazuia. Nilikwenda nyumbani nikapika. Gereji ilichomwa jioni ile, pamoja na chumba cha nyuma walichokuwa wakilala. Ramadhani aliingia motoni kutoa sanduku la spana, mkono wa kulia ukaungua. Mkewe na watoto walipita kwa majirani usiku, na asubuhi hawakuwepo, wala yeye. Wewe ulikwenda kutafuta bembea yako ukarudi na masizi miguuni, ukaniuliza afande yuko wapi. Nikakuambia nyamaza ule. Naomba radhi kwa hilo pia, ingawa ni dogo katika hesabu.

Na sasa nikusikilizishe kitu kinachonitia wazimu. Watu wa hapa, walewale, wakizungumza siku hizi wanasema Wanubi waliondoka. Wanasema vita viliwafukuza. Mama mmoja aliniambia hivyo juzi kwenye foleni ya sabuni, kwa huruma kabisa, kuwa alikuwa fundi mzuri yule, vita vilimwondoa. Vita havina miguu, Mirembe. Havikujua njia ya kwenda nyuma ya sokoni. Sisi ndio tuliojua. Nilitaka kumrukia yule mama, kisha nikakumbuka kuwa yeye alibeba kibiriti, mimi nilibeba jina. Nikapokea sabuni yangu nikarudi nyumbani.

Mficha uchi hazai. Nimewaambia hivyo wanawake wangapi walionibania mapaja kwa aibu? Na mimi nimejifunika miaka kumi na mbili.

Mwezi uliopita nilipokwenda Mbale kukutafutia chumba, nilikuambia safari ilikuwa nzuri. Haikuwa. Niliegesha karibu na soko, nikaonana na mwenye nyumba, niliporudi gari lilikuwa bado moto. Ta. Watu wakajaa, kila mtu ana shauri lake, betri, plagi, mashetani. Mmoja akasema aitwe mzee wa pale kona. Akaja mtu mwembamba, ndevu nyeupe, gunia begani. Hakuuliza chochote. Akatandika gunia akaingia chini. Nikaona mkono wa kulia unatoka kuomba spana, vidole vitatu vimeshikana kama mshumaa ulioyeyuka. Alikuwa Ramadhani.

Akasugua kwanza ncha za waya mnene unaotoka betri, na za ule ulioshikizwa kwenye bodi, kwa msasa, maana zilikuwa na kutu ya kijani. Akasema hizo nazo zinapunguza nguvu, zisafishwe kila mara, lakini ugonjwa si huo. Kisha akatoka, akakaa juu ya gunia, akanitazama.

"Hapa kulikuwa na bati," alisema. "Nani alitoa?"

Mirembe, Mwenyezi Mungu alikuwa ameniwekea mlango, ameufungua, amesimama pembeni. Hakukuwa na askari. Hakukuwa na kaburi wala watu wenye hasira. Walikuwepo wauza nyanya tu. Nikasema, "Mafundi wa Jinja."

Hakukunja uso. Alijifuta mikono polepole, kidole kwa kidole, vile vilivyo hai na vile vilivyokufa.

"Sawa," akasema. "Ukimwona huyo fundi, mpe salamu."

Akakunja gunia akaondoka. Malipo alikataa. Nikasubiri mpaka gari likapoa, nikaendesha kurudi Jinja nikilia na kutukana, na matusi yote yalikuwa yangu. Mara ya kwanza nilikuwa na woga wa kujitetea nao. Mara ya pili nilikuwa na nini?

Jana nimeliondoa bati kwenye pipa. Nimelisugua kwa majivu mpaka Bwana Pipa amefutika uso. Nimetafuta boliti mbili za kipimo chake. Nilipoanza barua hii mpango wangu ulikuwa hivi: wewe ulibebe, ukifika Mbale umtafute mzee wa pale kona ya soko, umpe bati na barua nyingine niliyomwandikia, iko kwenye bahasha ya kahawia. Wewe ni kijana, una uso mzuri, huna kosa, asingeweza kukufukuza. Nilikuwa nimelipanga vizuri sana.

Nimeandika mpaka hapa ndipo nikajisoma. Nimeona mwanamke yuleyule wa makaburini, safari hii anamtuma mwanawe kwenye moto aliouwasha yeye. Barua ya bahasha ya kahawia nimeichana. Maneno yake yalikuwa ya kweli yote, yamechaguliwa kwa uangalifu.

Kwa hiyo mpango umebadilika. Kesho hutakwenda peke yako. Nitakupa barua hii uisome kabla hatujatoka, kwa sababu haya siwezi kukuambia nikiwa nimeketi kando yako. Njiani usiniulize kitu, na nikikuambia Tororo kuwa kichwa kinaniuma turudi, usigeuze. Mimi nitakaa kiti cha mbele na bati mapajani. Jioni nitarudi na basi. Kikongwe ni wako.

Sijui atasema nini. Anaweza kunitemea mate mbele ya soko zima, na ukiona hivyo usimjibu, umsalimie kwa heshima. Ukimkumbuka, mpigie saluti. Nikimaliza mimi, akiweka bati au asiweke, hilo ni lake kuamua; kama hataki kuligusa, nitatandika gunia niingie mwenyewe chini, boliti ni mbili tu.

Wewe nakuomba jambo moja. Tukifika pale kona, usiegeshe kwenye mteremko. Tafuta mahali tambarare, mbele kabisa ya pale anapofanyia kazi, kisha uzime gari. Litakuwa limetoka safari ndefu, limeiva. Halitawaka kwa saa nzima, na mimi sitakuwa na jinsi ya kukimbia.

Mama yako